Uji wa saa nne usiwe wa waliochangia tu

Kengele ya saa nne ilipolia, watoto wa darasa la tatu walimwagika uwanjani kama nyuki. Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha mparachichi, katika shule moja ya msingi ya Nyanda za Juu Kusini, nikimsubiri mwalimu mkuu amalize mazungumzo na fundi wa vyoo. Mbele ya jiko la kuni palikuwa na sufuria mbili kubwa za uji, na mwalimu wa zamu amesimama na daftari. Akaanza kuita majina. Aliyeitwa alisogea na kikombe chake, akachotewa, akaenda kukaa majanini. Wasioitwa walibaki wameegemea ukuta.

Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa kiume wa miaka minane au tisa, mkononi ana kikombe cha plastiki cha bluu. Alikuwa amekisuuza bombani na kukipangusa kwa shati. Alisimama akasikiliza majina mpaka la mwisho, kisha akakirudisha kwenye begi. Mwalimu wa zamu aliniambia, na uso wake haukuficha aibu, kwamba mama yake mtoto yule hakuwa ameleta mchango tangu Januari. Akaongeza kwamba mtoto huja na kikombe kila siku.

Tangu asubuhi ile, kila ninapoambiwa kwamba shule fulani inatoa chakula, huuliza swali moja tu: wanakula wote?

Swali hilo halina jibu kwenye taarifa zetu nyingi. Tunahesabu shule. Shule ile ya mparachichi inahesabika kuwa inatoa chakula, na kweli inatoa, kwa walioandikwa kwenye daftari.

Tulifikaje hapa? Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, wazazi wengi walielewa kwamba Serikali imebeba mzigo wote. Waraka wa Serikali ulisema vingine: sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vilibaki kwa mzazi. Miaka miwili baadaye, Januari 2018, Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na walimu wakuu kadhaa, wakihofia vyeo vyao, waliona ni salama zaidi kuzima jiko. Baadaye ukaja mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, unaoweka kazi hii mikononi mwa wazazi, kamati za shule na halmashauri kwa pamoja. Septemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alisaini na wakuu wa mikoa mkataba wa lishe, na chakula cha shuleni kimo kati ya mambo wanayopimwa. Hiyo ni hatua kubwa. Miaka kumi iliyopita mkuu wa mkoa aliulizwa madarasa na madawati. Leo anaulizwa pia uji.

Lakini mchango umebaki mchango, na mtoto amefanywa njia ya kuudai. Hapo ndipo ninapotofautiana na viongozi wengi wa vijiji na mitaa, watu ninaowaheshimu, wanaosema kwamba tukiwalisha wote, hata waliochangia wataacha kuchangia. Hoja yao ina uzito. Mzazi ana wajibu, na kijiji kinachovuna malori ya mahindi hakina sababu ya kusubiri mfadhili amlishe mtoto wake. Ila deni la mzazi lidaiwe kwa mzazi. Lidaiwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa balozi, kwa mtendaji, kwa sheria ndogo ikibidi. Kumsimamisha mtoto wa miaka minane ukutani, ananusa uji asioupata ili akienda nyumbani akamkumbushe mama yake, ni kumtuma mtoto kazi ya mgambo.

Na tuulize deni lenyewe ni kiasi gani. Mwaka wa masomo una siku 194. Bakuli la makande ya mchana la mtoto mmoja tulipimie gramu 100 za mahindi na gramu 30 za maharage. Kwa mwaka mzima mtoto huyo anahitaji kilo 19 na nusu za mahindi, yaani takriban debe moja, na maharage yasiyofika kilo sita. Ukitaka na uji wa saa nne, ongeza kilo nane za unga. Hesabu hiyo ukiigeuza kwa shule ya wanafunzi 600, unapata magunia 116 ya mahindi na 35 ya maharage. Mkulima wa Mbozi au Songea anayetia mbolea kwa wakati anajua kwamba magunia 15 kwa ekari si ndoto. Ekari nane zinatosha mahindi ya makande ya shule hiyo mwaka mzima.

Debe moja la mahindi. Kuna nyumba ambayo debe hilo ni zito, nyumba ya bibi anayelea wajukuu watano, nyumba ya mgonjwa, nyumba ya kibarua asiye na shamba. Kijiji kinazijua nyumba hizo kwa majina. Wasimamizi wa TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini, wanazo orodha. Zisamehewe mapema, kwenye kikao cha watu wazima, na mtoto asijue kabisa kama kwao walisamehewa au walilipa. Pengo lao lizibwe na halmashauri. Kila lori la mahindi linalotoka wilayani linaacha ushuru wa mazao kwenye geti. Sehemu ya ushuru huo, iliyotajwa kwa asilimia na kuandikwa kwenye sheria, irudi kwenye sufuria ya shule. Halmashauri zetu tayari zinatenga kwa sheria asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba kutenga hakuwezekani. Kilichokosekana ni uamuzi.

Majirani zetu wa Nairobi wamejaribu njia yao. Juni 2023, Gavana Johnson Sakaja alizindua mpango wa Dishi na County pamoja na shirika la Food4Education lililoanzishwa na Wawira Njiru. Chakula kinapikwa kwenye majiko makubwa ya pamoja na kupelekwa shuleni kikiwa moto. Mzazi anachangia shilingi tano za Kenya kwa mlo, anaweza kuzilipa kwa simu, na mtoto anagusisha bangili ya mkononi kwenye kifaa cha mpishi. Shilingi tano bado ni nyingi kwa baadhi ya nyumba, na mfumo wa mjini hauwezi kuhamishiwa kijijini Makete kama ulivyo. Lakini nilichokipenda ni kwamba daftari la majina limetoka mkononi mwa mwalimu. Fedha zinazungumzwa kati ya watu wazima, na mtoto anabeba sahani tu.

Watoto wote wakishakula, ndipo linapokuja swali la pili: wanakula nini?

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ni nafuu kidogo kuliko asilimia 34 ya utafiti uliotangulia. Sasa tazama ni wapi udumavu umeshika zaidi: Iringa asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu asilimia 50 kila mmoja. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Malori yanayoshuka mlima Kitonga yamejaa mahindi, viazi, maharage na maparachichi, na nyuma yake wanabaki watoto wafupi kuliko umri wao.

Anayeifahamu mikoa hiyo hashangai sana. Ugali upo, tena wa kushiba. Maziwa, mayai, kuku na maharage mazuri vinapelekwa mnadani kwa sababu ndivyo vinavyoleta fedha ya sare, ya mbolea, ya bati. Mama anaingia shambani alfajiri na kurudi jioni. Mtoto mchanga anaachiwa dada yake wa miaka saba na kibakuli cha uji mweupe. Tumbo linajaa. Macho ya baba yanaona mtoto ameshiba, na kushiba kwetu ndiko kumekuwa kipimo cha kula.

Shule haiwezi kurudisha kimo kilichokwisha kupotea. Udumavu unajengeka tangu mimba mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili, zile siku 1,000 zinazotajwa na maofisa lishe kila wakipewa kipaza sauti. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo kwamba fedha za lishe ziishie kliniki. Mimi naona wanasahau nani atakayekuwa kliniki kesho. Binti wa darasa la sita leo, baada ya miaka kumi au kumi na mitano, huenda akawa na mimba na mwiko mkononi. Yule kijana aliyekaa naye dawati moja ndiye atakayeamua kama mayai yote yaende mnadani au mawili yabaki. Hatutawapata tena wote pamoja, kila siku, saa nne na saa saba, kwa miaka saba mfululizo. Na utafiti ule ule wa 2022 umeonyesha kwamba wanawake 42 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Wengi wanaingia kwenye ujauzito nao.

Sisi tuliosoma zamani tulifundishwa lishe. Tuliimba kwamba kuna vyakula vya kujenga mwili, vya kutia joto na nguvu, na vya kulinda mwili. Tuliandika kwenye mtihani tukapata alama. Kisha tukatoka nje tukala makande ya mahindi yaliyokobolewa, yenye maharage ya kuhesabu na bila kipande cha mboga, na hakuna mwalimu aliyewahi kutuonyesha kwamba somo lilikuwa limo, au halimo, ndani ya bakuli. Ubao ulisema hivi, sufuria ikasema vile, na sote tulirudi nyumbani na somo la sufuria.

Ndiyo maana ninasema mpishi wa shule ni mwalimu, hata kama hana cheti na hata kama tunamlipa kwa kujikongoja. Akiloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake asubuhi, yanaiva kwa kuni chache na mwili unanufaika nayo zaidi. Akisaga mahindi bila kukoboa, unga wa dona unabaki na kiini na pumba yenye virutubishi ambayo sembe imeitupa. Nasikitika kwamba dona tumeipa sifa ya chakula cha gerezani na cha shida. Mtoto akiikuta shuleni, mwalimu wake naye anaila, sifa hiyo itakufa yenyewe. Uji wa unga uliochanganywa na soya iliyochemshwa na kukaushwa vizuri una kazi ambayo uji wa sukari hauna. Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinampa mtoto vitamini A na vinaota hata pembeni ya bomba la shule. Mchicha, matembele, mnafu na kisamvu havihitaji mfadhili.

Na kuna mambo madogo ambayo mtoto akiyajua atayabeba mpaka uzeeni. Kwamba madini ya chuma yaliyo kwenye maharage yanaingia mwilini vizuri zaidi akila na chungwa, pera au papai. Kwamba chai ya rangi inayonywewa juu ya chakula inayazuia. Hilo la chai pekee, likifika kwenye nyumba zetu ambako chai inafuata mlo kama baraka, lingesaidia akina mama wengi. Dakika tano zinatosha kulisema, watoto wakiwa wameshika mabakuli.

Japani walitambua mapema kwamba mlo wa shule ni somo. Sheria yao ya chakula cha mchana shuleni ni ya mwaka 1954, na mwaka 2005 wakatunga nyingine ya elimu ya chakula. Watoto wanavaa aproni nyeupe, wanapakuliana wenyewe darasani na mwalimu wao anakula nao. Saa ya chakula imo kwenye shughuli za elimu sawa na vipindi vingine. Hatuna fedha za Japani, lakini kupakuliana hakuhitaji fedha. Mwalimu kukaa na kula makande yale yale na wanafunzi wake hakuhitaji bajeti, na siku mwalimu atakapokula ndipo mawe na wadudu watakapoondoka kwenye maharage.

Nizungumzie dagaa, maana jambo hili linaniuma. Ziwa Victoria linatupa dagaa, samaki anayeliwa mzima na mifupa yake, mwenye protini na kalsiamu kuliko chochote ambacho shule ya kijijini ingeweza kumudu. Sehemu kubwa ya dagaa hao inakwenda kwenye viwanda vya chakula cha mifugo. Wengi wanaanikwa mchangani, wanaingia mchanga, bei yao inashuka, na wanaishia kwa kuku. Shule zikiwa wanunuzi wa uhakika wa dagaa safi walioanikwa kwenye vichanja, mwanamke mwanikaji wa Ukerewe atakuwa na sababu ya kujenga kichanja. Brazil walifanya hivyo kwa sheria: sheria ya mwaka 2009 ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha ambazo serikali kuu ilitoa kwa chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo wa familia. Soko la shule likawa soko la jirani.

Mjini shida ina sura nyingine. Dar es Salaam mtoto anatoka nyumbani bila kula, mfukoni ana Sh500, na saa nne anakwenda langoni. Huko anakuta kachori, mihogo ya kukaanga kwenye mafuta meusi, barafu za rangi, pipi, biskuti na juisi za unga. Hapo ndipo anapojifunza chakula kwa vitendo, siku tano kwa wiki. Simlaumu mama anayeuza. Naye ana watoto, na beseni lake ndilo linalowasomesha. Tumfukuze leo, kesho atarudi au atakuja mwingine. Kamati ya shule ikae naye, wakubaliane: mihogo ya kuchemsha, mayai, karanga, matikiti, ndizi mbivu na maji safi viuzwe ndani ya uzio, kwa kibali na kwa usafi unaokaguliwa, na barafu za rangi zibaki mbali. Atakubali, kwa sababu wateja ni wale wale.

Ninapotaja shamba la shule, najua watu wa rika langu wanakunja uso. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule iwe pia shamba, na wanafunzi waone jasho lao limezaa nini. Kwenye shule niliyosoma tulilima. Tulilima asubuhi kabla ya masomo, tulilima tukiadhibiwa, tulibeba maji na kuni kutoka nyumbani. Mahindi yalivunwa, na sikumbuki hata siku moja tulipoyaona kwenye sahani. Hivyo ndivyo shamba la shule lilivyopoteza jina, na litalipata tena kwa njia moja tu: mavuno yapimwe kwa mizani mbele ya wanafunzi, yaandikwe kwenye ubao unaoonekana na wazazi, na yaliwe na waliolima. Hesabu ya darasa la tano ipo humo: magunia mangapi, siku ngapi, gramu ngapi kwa kila mtu. Na jembe lisitumike tena kama fimbo.

Tahadhari moja isisahaulike katika ghala. Mwaka 2016, sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo inatokana na ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, haionekani kwa macho na haiishi kwa kupikwa. Shule inayokusanya madebe kutoka nyumba 400 inakusanya pia uanikaji wa nyumba 400. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, yakauke kabisa, yachambuliwe, yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya kinga njaa, na mifuko ikae juu ya vichanja mbali na ukuta. Mwalimu wa ghala afundishwe kukataa debe lenye punje za kijani au nyeusi, hata kama limeletwa na mwenyekiti.

Upande wa jiko, Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Nia ni njema. Moshi ule unawaharibu wapishi macho na mapafu, na milima yetu imebaki vipara. Ila agizo bila jiko mbadala na bila fedha ya gesi linaweza kuzima uji. Halmashauri inayotuma agizo itume na jiko.

Ninaandika haya mavuno ya Nyanda za Juu Kusini yakikaribia. Kuanzia Juni mahindi yatatoka mashambani, na madalali wa mizani zilizochezewa watakuwa wamekwisha kufika vijijini na fedha taslimu. Baada ya hapo debe linapatikana kwa shida, na Januari mwalimu atarudi kwenye daftari lake la majina. Mzazi mwenzangu, mwenyekiti wa kijiji, diwani: mkutano wa chakula cha shule uitishwe kabla ya lori la kwanza kupakiwa. Ajenda iwe moja, debe moja kwa kila mtoto, na orodha ya nyumba zitakazosamehewa isomwe na kufungwa pale pale. Yule mtoto wa kikombe cha bluu atakuwa darasa la nne.